Arifa ya dili isiyo na viungo vya mteja ni kelele tu

Swali la msomaji: timu yake inatumia HubSpot, mfumo wa kutunza rekodi za wateja na mauzo, na kila dili linapobadilika hatua ujumbe unaingia wenyewe kwenye chaneli ya Slack, programu ya gumzo la kazini. Wauzaji wameanza kuizima chaneli hiyo. Afanyeje?

Tazama kwanza ujumbe wenyewe unasema nini. "Dili jipya: sola dukani, TSh 4,500,000." Basi. Apigiwe nani? Duka la nani? Muuzaji aliye kwenye daladala na simu mkononi itabidi afungue mfumo, aandike jina, akute rekodi tatu zinazofanana, kisha abahatishe. Ukimfanyia hivyo kutwa nzima, ana haki ya kuizima.

Ujumbe unaofaa una viungo vitatu: dili, mtu wa kuwasiliana naye, na kampuni. Na viungo vijengwe kwa namba za rekodi, kamwe visijengwe kwa majina, kwa sababu majina huandikwa kila mtu apendavyo. Kwenye HubSpot kiungo hukaa hivi: https://app.hubspot.com/contacts/AKAUNTI/record/0-3/NAMBA. Hiyo 0-3 ni dili; mtu ni 0-1, kampuni 0-2, tiketi 0-5. Akaunti zinazohifadhiwa Ulaya huanza na app-eu1, kwa hiyo nakili mwanzo wa anwani kutoka kwenye kivinjari chako mwenyewe.

Wengi hukwama hapa: taarifa ambayo HubSpot inatuma dili likibadilika hubeba namba ya dili na badiliko lenyewe tu. Mtu na kampuni hawamo. Lazima uwaulizie kupitia API, yaani mlango ambao programu huzungumza na HubSpot, mara moja kwa /crm/v4/objects/deals/NAMBA/associations/contacts na mara ya pili ukiweka companies mwishoni. Jibu linakuja na toObjectId (namba ya rekodi iliyounganishwa) pamoja na aina ya uhusiano, typeId. Usichukue tu ya kwanza kwenye orodha! Dili moja linaweza kuwa na kampuni ya mnunuzi, ya wakala na ya fundi. Kampuni kuu ina typeId 5, na uhusiano wa kawaida ni 341. Itafute 5 kwanza. Kwa upande wa watu hakuna "mkuu" aliyewekwa tayari, hivyo tengenezeni lebo yenu, tuseme "Mwamuzi", na muuzaji aiweke anapofungua dili. Asipoiweka, orodhesha watu wote waliounganishwa, hata wakiwa wanne. Afadhali mstari mrefu kuliko kumpigia mhasibu ukidhani ni mwenye duka.

Kosa jingine ni haraka. Mifumo mingi inayoingiza madili kutoka nje huandika dili kwanza, kisha ndiyo huliunganisha na mteja. Arifa ikitoka papo hapo, inakuta dili halina mtu wala kampuni. Weka subira ya dakika mbili kwenye mtiririko wa kazi (workflow). Usijaribu kusubiri ndani ya msimbo (code) wenyewe, maana hatua ya msimbo kwenye HubSpot hukatwa baada ya sekunde 20. Ikiwa bado hakuna kitu, andika wazi "Hakuna kampuni iliyounganishwa" pamoja na kiungo cha dili. Msiufiche mstari huo ili ujumbe upendeze. Hiyo ni kazi ya mtu, na inabidi aione.

Kwenye Slack kiungo huandikwa <https://anwani|Jina>. Mabano ya Markdown yataonekana yalivyo, na watu watacheka. Jina la mteja likiwa na alama ya & libadilishe kuwa &amp; kabla ya kutuma, na < na > vivyo hivyo kuwa &lt; na &gt;. Kichwa cha aina ya header hakikubali viungo. Tumia section yenye mrkdwn (uandishi wa Slack wenyewe), ambayo hubeba hadi herufi 3,000. Weka unfurl_links, inayoonyesha kionjo cha kila kiungo, iwe false, la sivyo ujumbe mmoja unaweza kujaza skrini nzima ya simu.

Kama dili hubadilika mara nyingi, tuma badiliko la pili na kuendelea ndani ya uzi wa ujumbe wa kwanza. Hapo Incoming Webhooks, njia rahisi ya kutuma ujumbe Slack kwa anwani moja, haikufai, kwa sababu hairudishi ts, yaani alama ya kuutambua ujumbe. Tumia chat.postMessage ya API ya Slack kwa tokeni (ufunguo) ya boti yenye ruhusa ya chat:write, hifadhi ts kwenye sehemu maalumu ya dili, na umkaribishe boti kwenye chaneli. Utakapoona kosa la not_in_channel, ujue hukumkaribisha. Kasi ni takriban ujumbe mmoja kwa sekunde kwa kila chaneli. Mtu akibadilisha madili 300 kwa mkupuo, Slack itajibu 429 (umezidisha kasi) na kukuambia usubiri sekunde ngapi kwenye Retry-After. Itii.

Kisha kuna rekodi pacha, ugonjwa mkubwa wa huku kwetu. HubSpot huwatambua watu kwa barua pepe na kampuni kwa jina la tovuti. Wateja wengi wa maduka hawana vyote viwili. Wana namba ya WhatsApp. Kwa hiyo mtu mmoja anaingia kama 07… leo na kama +2557… kesho, na kiungo chako kinapeleka kwenye nusu ya historia yake. Badilisha kila namba kabla haijaingia: ondoa nafasi, ondoa sifuri ya mwanzo, weka +255 na tarakimu tisa. Kenya ni +254, Uganda +256, nazo ni tisa vilevile. Usafi huu ufanyike kwenye fomu na kwenye uingizaji, maana ukifika kwenye arifa umechelewa.

Mnaotumia Salesforce, mfumo mwingine wa aina hii: chukueni namba ya rekodi ya herufi 18, si ile ya 15, kwa sababu ya 15 hutofautisha herufi kubwa na ndogo huku fomula za Excel zikilinganisha bila kujali hilo. Kampuni (huko huitwa Account) ipo kwenye AccountId ya Opportunity, yaani dili; mtu mkuu yuko OpportunityContactRole yenye IsPrimary.

Namba za simu zenyewe zisiandikwe kwenye chaneli yenye wageni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na kiungo kinamtaka mtu aingie kwenye mfumo kwanza. Mwisho, jaribuni viungo kwa akaunti ya muuzaji wa kawaida. Msimamizi hufunguliwa kila rekodi. Muuzaji aliyeruhusiwa kuona wateja wake tu atagonga na kuambiwa hana ruhusa, na kosa hilo hamtaliona kutoka kwenye akaunti ya msimamizi.