Re: Treni ya Dar–Arusha, mama na watoto watatu

Mkuu, umeuliza kama shemeji na watoto watatu waje Arusha kwa treni au wapande basi tu. Kama hawana haraka, treni. Daraja la tatu ni nafuu kuliko basi, ila unalala umekaa usiku kucha, na shingo itakusimulia asubuhi. Kwa kuwa kuna watoto, ni bora uongeze hela kidogo wachukue daraja la pili kulala, wajinyooshe.

Usiichanganye na SGR ya Dodoma, ile treni mpya ya umeme. Hii ni reli ileile ya zamani iliyofika Moshi 1911 na Arusha 1929. Treni ya abiria ilipotea miaka mingi, ikarudi Moshi Desemba 2019, Arusha 2020. Inapita Korogwe, Mombo, Same, na mwendo wake ni wa pole kweli, kwa hiyo wabebe maji, chapati na shuka.

Haiendi kila siku. Ulizia ratiba stesheni kabla hawajafunga mizigo, hasa masika, mvua ikiharibu njia. Na kama ni Desemba, kata tiketi mapema mno: Wachaga wote wanarudi Kilimanjaro, unawajua.