Orodha Tatu, Washindi Watatu: Maswali ya Wasomaji Kuhusu SUV Ndogo

SWALI: Mhariri mpendwa, familia yetu ya watu watano imeamua kununua SUV ndogo, na baada ya kuchuja tumebakiwa na nne: Toyota RAV4, Honda CR-V, Mazda CX-5 na Subaru Forester. Nimesoma orodha tatu za wachambuzi wanaoheshimika, na kila moja ina mshindi wake. Gari linaloongoza katika orodha ya kwanza limeshika mkia katika ya tatu. Mume wangu anasema wachambuzi wote wamelipwa na hakuna haja ya kuwasoma. Mimi naona haiwezekani wote wawe waongo. Tumwamini nani, na kwa kiasi gani? — Msomaji aliye njia panda

JIBU: Ndugu msomaji, wewe na mumeo kila mmoja ameshika upande wa ukweli, ila wewe umekaribia zaidi. Orodha tatu zinaweza kutoa washindi watatu bila mtu yeyote kudanganya, kwa sababu kila orodha ni jibu la swali ambalo mwandaaji wake alijiuliza, na mara nyingi swali hilo halionekani katika kichwa cha habari. Mmoja ameuliza ni gari gani linalofurahisha kuendesha, mwingine ni lipi lisiloharibika ovyo, wa tatu ni lipi linalobeba watu na mizigo bila kubana. Ukisoma nafasi ya kwanza bila kujua swali lililoulizwa, umesoma nusu ya habari.

Nitakupa mfano ambao naupenda kwa sababu unahusu gari mojawapo kati ya hayo yenu, na kwa sababu waliopima ni watu makini. Nchini Marekani ipo taasisi ya IIHS, inayogharamiwa na kampuni za bima, ambayo kazi yake ni kugongesha magari na kutoa alama. Mwaka 2021 taasisi hiyo ilianzisha jaribio jipya la kugongwa ubavuni, ambapo kigongeo chenye uzito wa karibu kilo 1,900 hupigizwa ubavuni mwa gari kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, wakati kile cha zamani kilikuwa na kilo 1,500 na mwendo wa kilomita 50. Nishati ya pigo iliongezeka kwa asilimia 82. SUV ndogo 20 zilipopitishwa katika jaribio hilo, ni Mazda CX-5 peke yake iliyopata alama ya juu kabisa, ingawa zote 20 zilikuwa zimefaulu vizuri jaribio la zamani. Mtu aliyekuwa akinunua gari wakati ule angekuwa na sababu ya kusema CX-5 ndiyo salama kuliko wenzake.

Mwishoni mwa mwaka 2022 taasisi hiyohiyo ikaongeza jambo lingine: katika jaribio la kugongana uso kwa uso, iliweka nyuma ya dereva sanamu yenye umbo la mwanamke mwenye mwili mdogo au mtoto wa miaka 12, ili kuona kama abiria wa kiti cha nyuma analindwa kama aliyeketi mbele. Safari hii zilipimwa SUV ndogo 15. Ford Escape na Volvo XC40 zilipata alama ya juu, RAV4 ikapata inayofuata, Forester na nyingine mbili zikapata ya chini zaidi ya hiyo, na tisa zilizobaki zikaangukia alama ya mwisho kabisa. CR-V ilikuwa miongoni mwa hizo tisa, na CX-5 pia. Hakuna aliyebadilisha CX-5 usiku. Kilichobadilika ni kipimo. Kwenu ninyi, mnaokusudia kukalisha watoto nyuma karibu kila siku, matokeo ya mwaka 2022 yana uzito mkubwa kuliko kwa mtu anayeendesha peke yake, na ndiyo maana sikubaliani na anayewaambia muache kusoma. Someni, lakini anzeni na kipimo chenyewe ndipo muiangalie nafasi. Vilevile angalieni mwaka wa gari lililopimwa, kwa kuwa watengenezaji wengi hurekebisha mikanda na viti vya nyuma baada ya matokeo ya namna hii, na gari la miaka miwili baadaye huenda lisiwe lilelile.

Jambo la pili ni namna alama zinavyojumlishwa. Mchambuzi hutoa alama kwa injini, usukani, starehe, nafasi, vifaa, matumizi ya mafuta na usalama, kisha huzipa uzito anavyoona inafaa na kupata jumla moja. Hapo ndipo maoni yake yanapoingia kwa nguvu, hata kama kila kipimo kilichukuliwa kwa uaminifu. CX-5 ya kizazi cha pili ilisifiwa sana kwa usukani wake na jinsi inavyokata kona, huku ikilaumiwa kwa kuwa na nafasi finyu nyuma na buti dogo kuliko la CR-V. Anayependa kuendesha ataiweka juu. Mwenye watoto watatu nyuma hatalihisi lile sifa lililoipandisha, ila atauhisi ule ufinyu kila siku. Isitoshe, tofauti kati ya wa kwanza na wa nne katika kundi hili huwa ya alama chache tu. Orodha lazima impange mtu wa kwanza na wa mwisho hata pale ambapo wote wanakaribiana, na macho ya msomaji hukimbilia namba ya nafasi badala ya kuangalia pengo. Mimi nikiona magari manne yamebanana ndani ya alama chache, huyahesabu kuwa yametoka sare na kuangalia sababu nyingine za kuchagua.

Hata vipimo vinavyoonekana kuwa havina ubishi vinahitaji jicho. Chukueni ukubwa wa buti. Kwa kipimo cha Kijerumani kiitwacho VDA, buti hujazwa vibao vyenye urefu wa milimita 200, upana wa 100 na unene wa 50, kila kimoja sawa na lita moja, kisha vinahesabiwa. Kampuni moja itatangaza hesabu inayoishia kwenye kifuniko cha mizigo usawa wa viti, nyingine itahesabu hadi darini, na nyingine itajumlisha shimo lililo chini ya sakafu. Mchambuzi mvivu hunakili lita hizo kutoka kwenye vipeperushi na kuzipanga kana kwamba zimepimwa kwa namna moja. Aliye makini hubeba masanduku yaleyale, akayapanga katika kila gari, na kuwaambia yaliingia mangapi. Huyo wa pili mwaminini zaidi, si katika suala la buti tu, maana ameonyesha tabia ya kupima mwenyewe.

Jambo la tatu, ambalo nadhani ndilo kubwa kwa mnunuzi anayetarajia kukaa na gari miaka mingi, ni muda. Uchambuzi mwingi hufanywa baada ya siku moja ya uzinduzi au wiki moja ya kuazimwa gari. Katika wiki moja mtu anaweza kujua mengi: breki, kelele, urahisi wa skrini, maumivu ya kiti. Hawezi kujua giaboksi itakuwaje baada ya kilomita laki moja. Honda CR-V ilitunukiwa na jarida la Motor Trend la Marekani kuwa SUV ya mwaka 2018, na ilistahili kwa yale yaliyopimwa. Baadaye wamiliki wa CR-V zenye injini ya turbo ya lita 1.5, hasa katika maeneo ya baridi kali na kwa safari fupifupi, wakaanza kulalamika kwamba petroli inachanganyika na oili ya injini, na Honda ikaongeza muda wa udhamini wa injini hizo kwa baadhi ya wateja wake. Hakuna mwandishi aliyepewa gari kwa wiki moja ambaye angeligundua hilo, na kutoligundua kwake si ushahidi wa rushwa.

Kwa hiyo, kuhusu uimara, tafuteni takwimu za wamiliki. Consumer Reports, taasisi ya watumiaji iliyoanza mwaka 1936 huko Marekani, hununua magari inayoyapima kwa fedha zake, haipokei matangazo ya biashara, na hukusanya taarifa za matatizo kutoka kwa wanachama wake kila mwaka. Kampuni ya utafiti ya J.D. Power nayo huwauliza wamiliki, na utafiti wake wa uimara huangalia magari yaliyotimiza miaka mitatu na kuhesabu matatizo kwa kila magari 100. Hata hapa someni kwa makini: katika hesabu ya namna hiyo, simu inayokataa kuunganishwa na redio ni tatizo moja, na giaboksi iliyokufa pia ni tatizo moja. Gari linaweza kushuka kwenye orodha kwa sababu ya skrini yenye kero huku injini na ekseli zake zikidumu. Pia msichanganye utafiti huo na ule mwingine wa kampuni hiyo unaohusu siku 90 za mwanzo, ambao hauwezi kumwambia mtu lolote kuhusu mwaka wa nane.

Sasa nije kwenye neno la mumeo. Fedha zipo, na ni haki kuziuliza. Kampuni za magari mara nyingi hulipia nauli na hoteli za waandishi wanaohudhuria uzinduzi, huwapa magari ya daraja la juu yenye viti vya ngozi na tairi kubwa, na tovuti nyingi huishi kwa matangazo ya kampuni hizohizo au kwa kamisheni msomaji anapobonyeza na kununua. Hongo ya waziwazi si kitu ninachokiona kuwa tatizo kuu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni upole: kasoro huandikwa katika sentensi moja laini mwishoni, na neno kali huepukwa kwa kuhofia kutoalikwa tena. Mwandishi anayeeleza gari lilitoka wapi na nani alilipa nini anastahili heshima. Asiyewahi kupata kosa katika gari lolote hana cha kuwafaa, hata kama hajapokea senti.

Lakini kumbukeni pia kazi waliyoifanya wale wasiojipendekeza. Mwaka 2019 jarida la Sweden liitwalo Teknikens Värld liliifanyia RAV4 haibridi (inayotumia petroli pamoja na umeme) jaribio lake la kukwepa kikwazo ghafla, lile ambalo mwaka 1997 lilipindua Mercedes-Benz ya A-Class, na RAV4 ikainua magurudumu ya upande mmoja. Toyota ilirekebisha mfumo wa kudhibiti uthabiti wa gari hilo. Walionunua baadaye walinufaika na kazi ya mwandishi aliyekataa kuridhika na sifa za vipeperushi.

Mkishaelewa kila orodha imepima nini, jipangieni uzito wenu wenyewe kabla ya kwenda kutazama magari. Kwa familia yenu ningeweka kwanza ulinzi wa abiria wa nyuma, kisha uimara wa injini na giaboksi ya toleo hasa mnalotaka, kisha nafasi. Baada ya hapo nendeni na watoto wote, wakae nyuma watatu kwa pamoja, fungeni kiti cha mtoto mnachotumia sasa, na muone kama bado kuna mkono unaopita kufikia kifungio cha mkanda wa katikati. Hakuna mchambuzi atakayewafanyia hilo. Hakikisheni pia gari mnalojaribu ni la daraja mtakalonunua, kwa sababu tairi pana na rimu kubwa hubadilisha ulaini wa gari kuliko watu wanavyodhani.

SWALI: Nataka SUV ndogo iliyotumika. Muuzaji ananionyesha kwamba ilipata nyota tano za Euro NCAP ilipotoka. Je, nyota hizo bado zina maana? — Mnunuzi wa gari la mkononi

JIBU: Zina maana ya mwaka wake, wala hazilingani na nyota za leo. Euro NCAP, taasisi ya Ulaya ya kupima usalama wa magari iliyotoa matokeo yake ya kwanza mwaka 1997, hukaza masharti kila baada ya miaka michache, hivyo nyota tano za zamani zingeweza kuwa chache sana kwa masharti ya sasa. Fiat Punto ilipata nyota tano mwaka 2005, ikaendelea kuuzwa bila mabadiliko makubwa, na ilipopimwa tena mwaka 2017 haikupata hata moja. Renault Zoe nayo ilikuwa na tano mwaka 2013 na sifuri mwaka 2021, ila habari yake ni tofauti kidogo: pamoja na masharti kupanda, mfuko wa hewa wa ubavuni uliokuwa ukikinga kichwa na kifua ulikuwa umebadilishwa kwa unaokinga kifua tu. Muulize muuzaji mwaka wa kipimo, kisha hakikisha gari hilo hasa lina mifuko ya hewa na vifaa vilivyokuwa kwenye gari lililopimwa, maana toleo la chini huenda halina. Na usilinganishe nyota za SUV na za gari dogo, kwa kuwa jaribio la kugongana uso kwa uso linafaa kulinganisha magari yenye uzito unaokaribiana.

SWALI: Wachambuzi wawili wanatofautiana sana kuhusu unywaji wa mafuta wa haibridi moja. Nani mkweli? — Mpima mafuta

JIBU: Huenda wote wawili. Kipimo rasmi cha Ulaya cha WLTP, kilichoanza kutumika mwaka 2017, hufanyika maabara kwa dakika 30 na kilomita zipatazo 23, kwenye joto la nyuzi 23. Ni kizuri kwa kulinganisha magari, si kwa kutabiri matumizi yako. Haibridi huokoa zaidi kwenye foleni, ambako kila unapokanyaga breki sehemu ya nguvu hurudi kwenye betri. Kwenye barabara kuu ya mwendo kasi faida hiyo hupungua sana. Tazama kila mchambuzi aliendesha wapi, kisha mchukue yule ambaye njia zake zinafanana na zako. Ukishalinunua, jaza tangi hadi pampu ikate, rudia hivyo kwa matangi kadhaa, na ugawanye lita kwa kilomita ulizoenda, kwa sababu namba ya kwenye dashibodi mara nyingi hukupendelea.