Mbwa na paka niwaachie nani huku ughaibuni?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi ughaibuni peke yangu, na mbwa jike na paka dume. Mwezi ujao narudi nyumbani kwa harusi ya kaka yangu, nitakaa wiki tatu. Ndugu sina huku, na majirani tunasalimiana tu kwenye ngazi. Nimepata nyumba mbili zinazolaza wanyama. Moja ina picha nzuri sana na wanaahidi video kila siku. Nyingine ina picha mbili zilizofifia, na mama aliyepokea simu alinihoji mpaka nikahisi niko kizimbani. Rafiki yangu ananiambia niachane na zote, nimlipe kijana mmoja awe anapita nyumbani mara moja kwa siku. Nimwamini nani? – Mwenye Safari

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpigie tena huyo mama wa maswali. Sisemi umempata tayari, ila miaka niliyofanya kazi ya kuosha mabanda kabla ya kushika kalamu ilinifundisha kumwogopa anayepokea mnyama bila kuuliza chochote. Akikudai kadi ya chanjo wewe, ujue na mwenye mbwa wa banda la pili kadaiwa. Virusi vya parvo, vinavyoharisha mbwa hadi kumuua, hukaa ardhini miezi mingi, sabuni ya kawaida haiviui, inatakiwa dawa yenye klorini au nyingine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Pasipodaiwa kadi, mbwa wako atalala pale alipolala jana mbwa ambaye hakuna ajuaye habari zake.

Kuna pia kikohozi cha mabandani, ambacho huenea upesi mbwa wengi wakikaa pamoja. Chanjo yake ipo, ya kudondoshea puani na nyinginezo, lakini hakuna inayofanya kazi siku hiyohiyo, na ile ya sindano kwa mara ya kwanza hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo kwa daktari wa wanyama nenda wiki hii, usingoje siku ya kufunga mizigo.

Halafu nenda ukaone mahali penyewe, na ufuatane na mtu anayeisema vizuri lugha ya huko. Wengine hawapokei wageni saa za kulisha, hiyo ni haki yao. Lakini anayekuonyesha chumba cha mapokezi akakataa kukuonyesha mbwa wanapolala, muage. Ukiingia, tumia pua kwanza. Harufu kidogo ya mbwa haina ubaya, bali manukato makali yanayokuwasha macho huwa yanafunika jambo. Tia kidole kwenye bakuli la maji: likiteleza ndani kama kamasi, halijasuguliwa siku nyingi. Kwenye lango angalia kama kuna milango miwili, wa kwanza ufungwe ndipo wa pili ufunguliwe. Mbwa mgeni hutoroka siku za mwanzo, na hutorokea hapo hapo langoni, mtu akiwa ameshika ndoo mkono mmoja.

Na uulize nani analala hapo usiku. Usimuulize mwenye nyumba, muulize anayeosha mabakuli. Mwenye nyumba atakwambia kuna uangalizi saa zote. Yule wa mabakuli atakwambia wanafunga saa ngapi.

Video usizitegemee sana. Sekunde kumi za mbwa anayekimbia hazikwambii kama alikula. Waombe wakuandikie mstari mmoja tu kwa siku: kala kiasi gani, kaenda haja, na haja ilikuwaje.

Paka ni habari nyingine kabisa. Paka hupenda nyumba yake, na kumweka ukuta mmoja na mbwa wanaobweka usiku kucha ni kumtesa. Hapo kijana wa rafiki yako anaweza kufaa, ila si kwa mara moja kwa siku. Aje asubuhi na jioni, na kazi yake kubwa iwe kuchota mchanga wa choo cha paka na kuangalia kama kuna mkojo. Paka dume akipata hofu au upweke anaweza kuziba njia ya mkojo. Utamwona anachuchumaa, anajikaza, analia, na halitoki hata tone. Hiyo ni dharura ya saa ileile, kwa kuwa akiachwa atakufa ndani ya siku mbili tatu. Vilevile asipokula siku mbili, hasa kama ni mnene, mafuta huanza kujaa kwenye ini, basi apelekwe kwa daktari. Kijana anayejaza bakuli akaondoka hataona lolote kati ya haya.

Sasa nije kwenye linalokuhusu wewe uliye mbali na kwenu, ambalo hata wenyeji hawalifikirii. Tulikuwa na mbwa mmoja mkubwa, tumbo lilimjaa hewa usiku wa manane na mwenyewe yuko angani, simu imezimwa. Daktari alikuwa tayari kupasua, ila kwenye fomu hapakuwa na jina la mtu wa kuamua. Bosi wetu akaamua mwenyewe. Mbwa alipona, lakini ubishi wa nani alipe uliendelea mpaka mshono ukakauka.

Kwa hiyo andika karatasi, kwa lugha ya huko, yenye sahihi yako. Mtaje mtu mmoja anayeishi nchi hiyohiyo mwenye idhini ya kukubali matibabu na kumchukua mnyama. Anaweza kuwa mfanyakazi mwenzako, bora awe amekubali kwa kinywa chake. Taja daktari wako, taja na kiasi cha fedha ambacho kisipitwe bila kukuuliza. Namba ya mtu huyo iongezwe pia kwenye usajili wa chipu. Ile chembe chini ya ngozi haisemi mnyama alipo, inatoa namba tu ikipimwa na mashine, na kama usajili una simu yako ya zamani haina faida.

Kabla ya kutia sahihi mkataba wao, soma kifungu cha mnyama asiyechukuliwa. Baadhi huandika kwamba siku kadhaa zikipita mnyama anahesabiwa ametelekezwa. Wewe ni mgeni, kibali cha kuishi kinaweza kukuchelewesha kurudi bila kosa lako. Omba waandike kwamba ukitoa taarifa na malipo yakiendelea, kifungu hicho hakikugusi.

Mbwa mlaze hapo usiku mmoja wa majaribio kabla ya safari. Akirudi amechoka na kulala mchana kutwa, ni kawaida. Akirudi sauti imekauka, pua imechubuka kwa kusukuma nondo, tafuta pengine. Mpe chakula chake mwenyewe cha kutosha siku zote, maana kubadilishiwa ghafla humharisha, na blanketi lake bila kulifua, libaki na harufu ya nyumbani. Kama unamwamrisha kwa Kiswahili, waandikie "kaa", "njoo" na "acha" kwa herufi watakazoweza kuzitamka.

Na ufunguo wa nyumba chonga wa pili. Mmoja awe kwa kijana wa paka, mwingine kwa yule uliyemtaja kwenye karatasi, siku kijana akiugua.