Kahawa ya kapsuli: maswali yenu saba, nimejibu bila kuremba

Kapsuli ni kile kikopo kidogo kilichozibwa chenye kahawa ya kikombe kimoja, unakitia kwenye mashine inapitisha maji ya moto. Maswali yamekuwa mengi mno na mengine ni yale yale, nimeokota saba, wengine mtajiona humo humo.

Nimepewa zawadi mashine ndogo ya kapsuli, haina boksi wala kitabu. Nikitaka kununua kapsuli naulizwa "za aina gani?" Kwani hazifanani?

Hazifanani ndugu yangu, na hapa ndo watu wengi wanapigwa. Nespresso peke yake, chapa ya kampuni ya Nestlé, ina familia mbili za nyumbani ambazo haziingiliani kabisa. Kuna Original, vile vikapsuli vidogo vya aluminiamu, maji yanapitishwa kwa presha kubwa. Na kuna Vertuo iliyotoka 2014, kapsuli yake imevimba juu kama kuba, mashine inasoma alama zilizochapwa kwenye ukingo halafu inaizungusha kapsuli hadi mizunguko 7000 kwa dakika, yaani kahawa inatoka kwa kuzungushwa kama nguo kwenye mashine ya kukamulia. Halafu kuna Dolce Gusto, ni ya Nestlé hao hao ila kapsuli za plastiki na kubwa zaidi, ukiilazimisha kwenye Nespresso haiingii hata kwa dua. Kuna kampuni ya Keurig na kapsuli zake zinazoitwa K-Cup, hizo Wamarekani ndo wanazipenda, kikombe kidogo cha plastiki chenye kichujio ndani. Na kuna zile ambazo sio kapsuli kabisa, Senseo na ESE, ni karatasi bapa ya duara yenye kahawa ndani kama kifuko cha chai, na zenyewe hazilingani upana.

Cha kufanya: chomoa waya, mwaga maji, igeuze mashine uangalie chini. Kuna stika yenye jina la modeli. Ipige picha, uende nayo unakonunua.

Sasa kwa ambao bado hamjanunua, mi nawaambia kila siku, chagua kapsuli kwanza, mashine baadaye. Original na K-Cup zina watengenezaji wengi sababu hataza zao za mwanzo (haki za kuzuia wengine wasiige) ziliisha mwaka 2012 hivi, kila mtu akaingia sokoni. Keurig walijaribu kufunga mlango, 2014 wakatoa mashine inayosoma wino maalum kwenye kifuniko cha kapsuli na kukataa kapsuli za watu wengine, wateja wakawaka kweli kweli, na mwaka uliofuata kampuni ikakiri imekosea na kukirudisha kichujio cha kujaza kahawa yako mwenyewe, ambacho mashine hiyo ilikuwa haikubali. Mashine utainunua mara moja, kapsuli utazinunua mpaka uichoke.

Je, kapsuli ni ghali kweli au ni maneno ya watu wa kahawa ya unga?

Usinisikilize mimi, piga hesabu. Kapsuli ya Nespresso Original ina kahawa kama gramu 5 hivi, kwa hiyo kilo moja ni kapsuli 200. Chukua bei ya kapsuli moja unayonunua wewe, zidisha mara 200, hiyo ndo bei unayolipia kilo. K-Cup ina kahawa nyingi kidogo, kama gramu 10, zidisha mara 100. Halafu linganisha na kilo ya kahawa nzuri kabisa ya unga. Wengi wakimaliza hiyo hesabu wananyamaza kidogo.

Ila sio wizi pia. Unalipia kutokupima, kutokusaga, kutokuosha, na unalipia kapsuli iliyozibwa isiingize hewa, ndo maana kahawa ya ndani inakaa miezi na bado inanukia wakati ya unga ukishafungua pakti inaanza kupoa harufu ndani ya siku chache. Mtu anayekunywa kikombe kimoja kwa siku peke yake, mi simlaumu hata kidogo. Nyumba ya watu wanne wanaokunywa vitatu vitatu, hapo mnachoma hela.

Ofisini tuko kumi na wawili, bosi anataka kununua mashine moja ya kapsuli. Ushauri?

Kiukweli hizi mashine zilianzia ofisini. Nespresso ilipoingia sokoni 1986 ilikuwa inalenga maofisi, Keurig nao 1998 walianza na ofisi, za nyumbani zikaja 2004. Kwa hiyo wazo la bosi sio la ajabu, shida ni kwamba watu wananunua ile ndogo ya nyumbani. Tanki lake ni kama lita moja au chini ya hapo, kikapu cha kapsuli zilizotumika kinajaa baada ya kama kumi, na inatoa kikombe kimoja kimoja. Saa nne asubuhi foleni ya watu kumi na wawili, kila mmoja dakika yake, wa mwisho anakuta tanki limekauka na kikapu kimejaa na ndo yeye inabidi asafishe. Nilishafanya kazi sehemu ya hivyo, tulikuwa tunaangaliana nani aanze kunyanyuka, kila mtu anaogopa kuwa wa mwisho.

Nunueni ya ofisi yenye tanki kubwa, au ile ya kichujio ya jagi zima muiweke pembeni ya kapsuli. Na kabla ya yote elewaneni nani ananunua kapsuli, maana urafiki wa ofisini unavunjika kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

Naruhusiwa kupitisha kapsuli moja mara mbili? Naona kama kuna kitu bado kimebaki.

Kilichobaki ni uchungu. Maji ya kwanza yanachukua uchachu mzuri, utamu na harufu, yanayofuata yanakokota yale makali ya mwishoni ya kukwaruza ulimi. Ukitaka kahawa nyingi, toa kikombe kidogo halafu ongeza maji ya moto kwenye kikombe. Ukitaka kali zaidi, tumia kapsuli mbili kwa kikombe kimoja, hakuna njia ya mkato.

Na msihangaike na "bar 19" zilizoandikwa kwenye boksi, bar ni kipimo cha presha. Hiyo ni nguvu ya juu ya pampu, espresso yenyewe, ile kahawa kali ya kikombe kidogo, inahitaji kama 9 tu.

Mashine yangu ilikuwa fresh, sasa hivi inatoa matone matone na inanguruma kama gari bovu. Imekufa?

Haijafa, ina chokaa. Ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika ndo huo huo umejibana kwenye vimirija vyembamba vya ndani, na maji yenu yakiwa ya chumvi chumvi unakuja haraka. Nunua dawa ya kuondoa chokaa au asidi ya sitriki, fuata kipimo chake, ipitishe bila kapsuli, iache ikae kidogo, pitisha tena, halafu suuza na tanki mbili nzima za maji safi. Miezi mitatu mitatu inatosha kwa wengi. Siki wengine wanatumia, mi niliwahi, kahawa ilinuka achari wiki nzima na mpira mmoja ukaanza kuvuja, sijarudia.

Kama uliiacha ikakaa bila maji muda mrefu, inaweza kuwa ni hewa tu imeingia kwenye pampu. Jaza tanki, likandamize vizuri likae, bonyeza kikombe kikubwa bila kapsuli mara mbili tatu.

Nawaza uchafu. Kila kikombe takataka moja, roho inaniuma.

Hauko peke yako, hata John Sylvan aliyebuni K-Cup alisema 2015 kwamba kuna wakati anajisikia vibaya kuitengeneza. Na jiji la Hamburg kule Ujerumani 2016 lilikataza hela ya umma kununua kahawa ya kapsuli. Aluminiamu inayeyushwa na kutumika tena bila mwisho, lakini lazima ifike inakoyeyushwa, na kapsuli iliyojaa machicha ndani ya pipa la kawaida haifiki popote. Zilizoandikwa "zinaoza" nyingi zinahitaji joto la mtambo wa mboji, ukizifukia nyuma ya nyumba utazikuta zinakusubiri.

Mi nahamia kapsuli ya chuma ya kujaza mwenyewe. Saga laini, jaza bila kufurika, kandamiza kidogo, futa ukingo ndo ufunge. Ya kwanza itatoka maji maji, ya pili itaziba, ya tano utapatia. Machicha mwagia mimea. Ila ndio, sasa unapima, unasaga na unaosha, yale yale uliyoyakimbia.

Naweza kuweka maziwa kwenye tanki la maji?

Hapana. Hapana kabisa. Yataungua ndani, yataziba na yatanuka, na fundi akifungua atakucheka. Maziwa yapashe pembeni.

Aliyeniuliza kwa meseji "na soda je?" sijakujibu kwa makusudi.