Tusubiri hofu imwishe ndipo atoke?

SWALI: Daktari, shikamoo. Dada yangu ana miaka 29. Mwezi wa pili alizidiwa ndani ya daladala ya Mbagala: moyo ulienda mbio, pumzi zikabana, mikono ikafa ganzi, akajua anakufa. Hospitali walimpima moyo, damu na tezi ya shingo, vyote vizuri. Tangu siku hiyo havuki geti. Mimi namnunulia kila kitu, mama hamwachi peke yake. Jirani katuletea diazepamu, vidonge vya kutuliza. Tusubiri hofu imwishe ndipo tuanze kumtoa? Kaka mtu, Temeke.

JIBU: Marahaba. Hapana, msisubiri. Maneno hayo nayasikia kliniki karibu kila wiki, na yananiumiza kwa sababu wanaoyasema wanampenda mgonjwa kwa dhati. Hofu hii haiishi mtu akiwa amejifungia. Kila anapofika mlangoni, moyo ukadunda, akarudi chumbani akapata nafuu, mwili wake unajifunza kwamba amepona kwa sababu amerudi. Kesho hata mlango wenyewe unamtisha. Nawe ukimletea kila kitu kitandani, unamthibitishia kwamba nje kweli kuna hatari.

Shambulio la hofu hufika kileleni ndani ya dakika chache, kisha hushuka lenyewe. Dada yako hajawahi kulishuhudia likishuka akiwa nje. Hicho ndicho anachokosa, wala si ujasiri.

Kwa hiyo anzeni getini, kwa ridhaa yake. Asimame nje, akwambie hofu ni ngapi kati ya 10. Akisema 8, msirudi ndani. Kaeni hapohapo, hata nusu saa, mpaka ifike 4 au 3. Kesho tena, palepale. Pakizoeleka, nendeni dukani kwa Mangi, halafu kituoni, halafu daladala kituo kimoja, saa nne asubuhi abiria wakiwa wachache. Mwanzo uwe kando yake, baadaye ubaki nyuma hatua ishirini, mwisho ubaki nyumbani.

Mchunguze pia anachoshika. Nilimhudumia mama mmoja aliyepanda basi wiki tatu bila shida, ndimu kiganjani, akiinusa kila kituo. Siku aliyoisahau alishuka njiani akilia. Sifa zote za safari zile alikuwa ameipa ndimu. Ilibidi tuanze upya, mikono mitupu.

Diazepamu ya jirani mrudishieni. Inatuliza kwa saa chache, nayo inageuka kuwa ndimu nyingine, tena mwili huizoea haraka, na aliyeitumia muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kupata degedege. Zipo dawa zinazosaidia kweli, za kundi linalotibu pia sonona. Hunywewa kila siku, huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na huandikwa na daktari aliyemwona mgonjwa.

Wanaonikasirisha ni wanaouza njia ya mkato. Mganga anasema kuna jini, mgonjwa asivuke kizingiti siku arobaini: hofu imepewa amri ya kubaki ndani, na familia imelipia. Mwingine anajiita mshauri, anamburuta mtu mpaka Kariakoo saa saba mchana na kumwachia katikati ya umati "ili azoee". Wote wawili wagonjwa wao huja kwangu baadaye, sasa hawafiki hata uani. Kusali salini, sina neno, ila mtu yeyote anayeahidi uponyaji wa siku moja msimpe hata shilingi.

Muulizeni kila mtaalamu: wiki hii dada atafanya zoezi gani, na tutapimaje kama amesogea? Muhimbili ina kliniki ya afya ya akili. Walioko Dodoma wanayo Mirembe. Kama bado hawezi kufika, nenda wewe kwanza ueleze, mpange safari yake iwe mojawapo ya mazoezi. Lakini akianza kusema bora afe, hapo hakuna zoezi la kusubiri: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.