"Ni wa muda tu": kwa mnaoanza kusimamia miradi ya video

Juzi nilipita nyuma ya kiti cha mhariri, nikasikia kwenye spika zake wimbo ambao kila mtu anaujua. Nikamuuliza msimamizi wa mradi, kijana mwenye miezi mitatu kazini, kibali cha kuutumia kimefikia wapi. Akanijibu bila wasiwasi: "Kaka, huo ni wa muda tu, tutaubadilisha." Nikavuta kiti nikakaa, kwa sababu maneno hayo nimewahi kuyasema mimi, na nakumbuka yalitufikisha wapi.

Wadogo zangu, mna kasi na mna jicho zuri. Ila kila kundi jipya linaingia shimo lilelile, na mimi nimechoka kuwatoa. Kwa hiyo someni.

1. Anzia mwisho. Kabla hujaandika bajeti, omba karatasi ya masharti ya kukabidhi kazi: fremu ngapi kwa sekunde, sauti ya kiwango gani, manukuu ya lugha zipi. Vituo vya Ulaya vitataka sauti ya LUFS -23, vya Marekani LKFS -24 (vyote ni vipimo vya ukubwa wa sauti), na ukishafanya miksi bila kujua inakwenda wapi utairudia kwa fedha ambazo hukuzipanga. Na kama sehemu ya picha imerekodiwa kwa simu, kumbuka kuwa simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu. Ibadilishe hiyo picha iwe fremu thabiti kabla haijagusa taimlaini, ule mstari wa muda ambapo mhariri hupanga picha na sauti. Nimeona mahojiano ya saa nzima ambapo mdomo unasema na sauti inafuata nyuma kama mwangwi, na mhariri analaumiwa kwa kosa ambalo si lake.

2. Mwenye neno la mwisho awe mmoja, na jina lake liandikwe kwenye brifu, ile karatasi ya maelekezo ya kazi. Wengine wote watoe maoni kupitia kwake. Bila hivyo utapokea maoni ya watu sita, matatu yanapinga mengine matatu, na wewe katikati.

3. Muziki. Hapa ndipo nilipoumia.

Tulikuwa na makala ya dakika 26 kuhusu dereva wa treni aliyekuwa anastaafu. Dakika ya 22 mzee anarudi nyumbani siku ya mwisho, anavua kofia yake ya kazi, anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Mkato wa kwanza wa uhariri ulikuwa kimya pale, ukapwaya. Nikamwambia mhariri aweke wimbo fulani maarufu, wa muda tu. Akauweka, na kwa kuwa anajua kazi yake, akakata kila shoti kwa mdundo wake. Kofia ilikuwa inagusa msumari palepale ngoma inapoingia. Mteja alipoiona alifuta machozi. Tukafunga picha, yaani tukakubaliana kwamba shoti hazisogezwi tena.

Ndipo nikaanza kuomba kibali. Soma vizuri hapo: baada ya kufunga picha.

Sikuwa nimeelewa kwamba wimbo mmoja una haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani melodia na maneno, ambayo iko kwa mtunzi au mchapishaji wake, na ndiye anayekuruhusu kuuambatanisha na picha. Halafu kuna haki ya ile rekodi yenyewe unayoisikia, ambayo mara nyingi iko kwa kampuni iliyoirekodi. Mimi nilimwandikia mchapishaji peke yake. Akajibu ndani ya wiki, bei nzuri, nikaandika kwenye ripoti "muziki umekamilika". Mtu wa sauti ndiye aliyeniuliza, "Na wenye rekodi wamesema nini?" Nikawaandikia usiku uleule. Jibu lao lilikuja zikiwa zimebaki siku 11 kukabidhi kazi: hapana. Hawakutaja bei yoyote ya kujadiliana.

Tukampa mtunzi wetu siku nne atengeneze kipande kipya. Kizuri, lakini mdundo wake ulikuwa mwingine, kwa hiyo shoti zikakatwa upya, dakika 3 na sekunde 40 zote. Picha ilipofunguliwa, kila kilichokuwa juu yake kikasogea: rangi ikarudiwa, manukuu yakapangwa upya, miksi ikaanza tena. Mtu wa sauti alilala kwenye kochi la studio usiku mbili. Akiba yote ya bajeti ikaishia hapo. Na mteja, mpaka tunasaini, alikuwa anasema ile ya mwanzo ilikuwa bora.

Lakini si hilo linaloniuma mpaka leo. Kwa furaha yangu nilikuwa nimempelekea mzee ile kopi ya kwanza, akaitazama na wajukuu wake. Siku ya onyesho alikaa mstari wa mbele na kofia yake ileile mapajani. Taa zilipowaka akanishika mkono, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, ule wimbo wangu umeenda wapi?" Nilikosa la kumjibu. Nilikuwa nimempa kitu ambacho hakikuwa changu, kisha nikamnyang'anya.

Kwa hiyo: muziki wa kushikilia nafasi utoke kwa mtunzi uliyemwajiri, au kwenye maktaba ambayo leseni yake umeshalipia. Kingine chochote kisiingie, hata kwa saa moja, kwa sababu sikio huzoea haraka na likishazoea halikubali mbadala. Fungua karatasi ya muziki siku ya kwanza ya uhariri: jina la wimbo, mwenye utunzi, mwenye rekodi, unaanza sekunde gani na kuisha ipi. Safu zote mbili za wenye haki zijazwe ndipo uandike neno "umekamilika".

4. Kadi ya kamera haifutwi mpaka kuwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo, na mtu awe amezifungua akazitazama.

5. Kila lokesheni, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba, wa kuzibia mapengo ya sauti wakati wa uhariri, kabla watu hawajaanza kukunja nyaya. Wakilalamika, waache walalamike.

6. Fomu ya ridhaa isainiwe kabla ya mahojiano. Mtu akishalia mbele ya kamera, kumpelekea karatasi na kalamu ni ukatili, na akikataa ana haki.

7. Tenga asilimia 10 ya bajeti kama akiba, na usimwambie mwongozaji iko wapi. Nawapenda waongozaji, lakini wataiona kama siku moja zaidi ya kurekodi.

Na wewe mdogo wangu wa juzi: nimepita leo asubuhi, wimbo bado uko kwenye taimlaini. Mteja anakuja Alhamisi kutazama. Uondoe kabla hajausikia.