Meshi ndogo iliyoniumbua

Juzi kijana mmoja wa uzamili aliniandikia: "Shikamoo dada. Kila nikipunguza ukubwa wa elementi, boriti yangu inazidi kuwa dhaifu. Programu ina kasoro?" Elementi ni vipande vidogo ambavyo kompyuta huikatia boriti ili ikokotoe, na wavu wa vipande hivyo ndio meshi. Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Kidonda kile bado kibichi.

Enzi hizo nimepanga chumba Ngamiani, Tanga, barabara ya 14, nafanya simulesheni (jaribio ndani ya kompyuta) ya ufa kwenye boriti ya zege. Elementi za milimita 50, grafu imenyooka, nikaenda kuwasilisha na gauni jipya. Mzee mmoja wa jopo, macho hajainua kwenye karatasi, akauliza: "Ukizifanya za milimita 10, jibu ni lile lile?" Nikasema ndiyo. Sikuwa nimejaribu! Akaniambia niiendeshe pale pale. Dakika kadhaa watu wanasubiri, boriti ikakatika kwa mzigo mdogo zaidi, ghafla kama biskuti. Kuna aliyecheka nyuma. Namkumbuka mpaka leo.

Kisa ni hiki. Ufa hujibana kwenye safu moja ya elementi. Safu ikiwa nyembamba, na wewe hujagusa kanuni ya kulegea kwa zege (jinsi linavyopoteza nguvu likishaanza kupasuka), nishati ya kulipasua nayo inapungua. Ukiendelea hivyo zege litapasuka bure. Dawa waliitoa watafiti Bažant na Oh mwaka 1983, nyuma yao kukiwa na wazo la Hillerborg na wenzake la 1976: kinachobaki palepale ni nishati ya mpasuko, yaani ya kufungua kila mita ya mraba ya ufa, hivyo kanuni ya kulegea ndiyo ibadilike kufuata ukubwa wa elementi. Chukua zege linaloanza kupasuka likivutwa kwa megapaskali 3, nishati yake ya mpasuko nyutoni 100 kwa mita. Likilegea kwa mstari mnyoofu, ufa unaacha kubeba chochote ukifika upana wa milimita 0.067. Gawa kwa ukubwa wa elementi: kwa 50 kiwango cha kurefuka ni 0.0013, kwa 10 ni 0.0067. Mara tano. Mie niliacha namba ileile.

Kwa hiyo, wanangu, rudieni hesabu kwa meshi mbili. Sukumeni kwa uhamisho (umbali wa kusogea), msisukume kwa mzigo, maana kilele kikishapita programu itagoma. Na rudieni kwa meshi mbili, nasema tena. Mnapenda mno picha za rangi. Nendeni Raskazone, Tanga, mkaone dari la baraza, ufa umefuata nondo iliyoliwa na chumvi, kutu imechuruzika hadi ukutani. Ufa ule hauna rangi ya programu.

Jana usiku yule kijana kanitumia grafu zake mbili, zimelaliana kabisa. Hata asante hakusema.